Jiwe Lina Upande wa Mvua

Siku ya kwanza alipokaa mbele ya kompyuta, Fundi alilamba kidole gumba akakipitisha kwenye skrini, taratibu, kuanzia chini ya jicho la sanamu hadi kidevuni, kama alivyozoea kulainisha saruji mbichi kwenye shavu la malaika. Kisha akarudisha kichwa nyuma aitazame kazi yake. Shavu lilikuwa vilevile. Kilichoongezeka ni mstari wa mate.

"Huyu mkaidi," akasema.

Nilicheka peke yangu. Neema, mwenye kompyuta, aliifuta skrini kwa upindo wa kitenge chake, akamwonyesha namna ya kushika kalamu isiyo na wino, ambayo ukiikandamiza juu ya kibao, umbo lililo kwenye skrini linabonyea. Mimi nilikuwa nimekwenda kama mkalimani, cheo nilichojipa mwenyewe, kwa imani kwamba mzee aliyeishia darasa la saba na binti wa kompyuta hawawezi kuelewana bila mtu wa chuo kikuu katikati. Ndani ya nusu saa walikuwa wamenisahau.

Hapa Kasense, mtaa wa mji wa Sumbawanga, tuna mafundi wengi. Ukisema fundi baiskeli au fundi cherehani, lazima utaje na kazi yake. Ukisema Fundi basi, kila mtu anajua ni yule wa sanamu: mrefu, mabega yameinama mbele, koti la sufu mwaka mzima kwa ajili ya upepo wetu, na vidole vilivyopasuka kwa saruji kiasi kwamba akikupa mkono unahisi umeshika gome la mti. Alijenga makaburi. Alitengeneza pia Bikira Maria kwa ajili ya vigango, na simba wawili wa mlangoni kwa mtu mmoja aliyepata nafasi serikalini, lakini hao hakupenda watajwe. "Simba sijawahi kumwona," alisema. "Nilitengeneza mbwa nikamwongezea nywele."

Hakuweza kutengeneza uso asioujua. Huo ndio uliokuwa udhaifu wake mkubwa, na watu wa hapa walijifunza kuuvumilia. Familia moja iliagiza malaika wa kaburi la baba yao. Siku ya kulizindua kaburi, kitambaa kilipoondolewa, watoto wa marehemu wakatazamana.

"Fundi," mkubwa wao akasema, "huyu si yule mama anayeuza pombe ya ulezi pale njiani?"

"Ndiye."

"Umemfanya malaika?"

"Baba yenu alimwona kila jioni kwa miaka kumi na mitano. Mlitaka apokelewe na mgeni?"

Malaika yupo mpaka leo, na yule mama alipofariki, wapo waliopeleka maua kwenye kaburi lile badala ya lake.

Aliniita Msomi, na hakuniita hivyo kwa heshima. Nilirudi Sumbawanga baada ya miaka mingi ya kusoma na kufundisha kwingine, nikaingia kwenye nyumba ya marehemu baba yangu, jirani na kiwanja chake, nikawa mtu anayeandika insha. Asubuhi nilimsalimia juu ya ua.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Msomi. Bado unaandika?"

"Bado."

"Na bado hawasomi?"

"Bado."

"Vumilia. Hata mimi wateja wangu hawajawahi kusema asante." Wateja wake aliowakusudia walikuwa chini ya ardhi.

Jumapili, wengine walipokuwa kanisani, alinichukua tukatembea uwandani, kupita mashamba yenye matuta ya mviringo, hadi kwenye mawe makubwa yaliyoko juu ya mteremko. Mtu aliyetengeneza misalaba ya nusu ya mji hakuwa akihudhuria misa, na hilo mapadri, mmoja baada ya mwingine, walilikuta na kuliacha. Pale kwenye mawe ndipo aliponifundisha kutazama. Alilamba kidole akalowesha jiwe ili rangi yake ya kweli itoke. Alinizungusha.

"Jiwe lina upande wa mvua," alisema. "Huku ndiko mvua inakotokea. Ona kuvu ilivyotanda, ona mstari mweusi maji yanapochuruzikia. Sasa njoo huku. Huku limechomwa na jua, limebabuka. Jiwe halizeeki pande zote kwa pamoja. Na mtu vilevile."

Halafu aliuliza swali lake, ambalo alikuwa nalo kwa kila kitu, kuanzia mawe hadi vitasa vya milango: "Nani kaligusa?" Alionyesha mahali palipong'aa, ambapo wachunga ng'ombe hukaa, vizazi kwa vizazi, wakitazama mifugo. Kinachoguswa hung'aa, alisema. Kisichoguswa huota kuvu.

Msemo wake mwingine nilipaswa kuuandika mlangoni kwangu: Fundi anayekujibu haraka hajapima.

Sasa niseme habari za Stazia.

Alikuwa binti yake wa pekee, na mimi nilisoma naye sekondari. Dawati langu lilikuwa nyuma ya lake kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili sikumwambia neno lolote ambalo lingeweza kuhesabiwa. Baada ya shule alianza biashara ya vitenge. Akiwa na miaka ishirini na mitatu alipanda boti ya mizigo Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, kwenda upande wa Kongo. Boti haikufika kule wala haikurudi huku. Ziwa halikutoa hata ndoo.

Ndugu wakataka uwekwe walau msalaba. Mama Stazia alikataa. "Utakuwa juu ya nani?" aliuliza, na msalaba haukuwekwa, kwa hiyo mtu aliyejengea makaburi mji mzima hakuwa na kaburi la kumjengea mwanawe. Picha zake zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Masika ya mwaka uliofuata maji yaliingia chumbani, zikagandana zikawa kitu kimoja kinene kama mkate. Fundi alijaribu kuzibandua. Alichopata ni kipande cha gauni.

Mimi, kwa upande wangu, niliandika insha kuhusu msiba ule. Ilichapishwa. Watu waliniambia walilia. Katika kurasa zote zile, nimezirudia kuhakikisha, hakuna mstari hata mmoja unaosema Stazia alikuwa na sura gani.

Miaka ikapita, Mama Stazia akafariki, na vumbi la saruji likamwingia Fundi kifuani hadi akawa anakohoa kila akinyanyua koleo. Wakati huohuo macho yakaanza. Presha ya macho, walimwambia hospitali. Itakula kuanzia pembeni kuelekea katikati. Neema alikuja katika msimu huo. Alikuwa binti wa mjini hapa, alifanya kazi Dar es Salaam miaka kadhaa akarudi na kompyuta mbili na wazo moja: mchezo wa simu unaoanzia ziwani na kupanda hadi uwanda wa Ufipa. Mchezaji anatembea, anapigana na vitu ambavyo sikuvielewa, na juu kabisa ya mteremko anakuta sanamu ya jiwe ya mwanamke anayetazama ziwa. Sanamu haifanyi lolote. Ipo tu, ili mtu ajue amefika.

"Babu, nimeona sanamu zote za kompyuta," alimwambia. "Zote ni za Wagiriki. Nataka jiwe la kwetu."

"Mwanamke yupi?" Fundi akauliza.

"Yeyote tu, Babu."

Nilikuwepo. Nilimwona akifumba macho kidogo. Huyo "yeyote tu" hakuwahi kumweza, na sote wawili tulijua ni uso gani alikuwa nao tayari. Kompyuta haina vumbi. Macho yalikuwa bado yana kipande cha katikati. Na hapa alikuwapo mtu anayetaka mwanamke wa jiwe anayetazama ziwa, bila kuuliza chini yake kuna nani.

Alifanya kazi ile kila asubuhi kwa miezi minne. Alianza na kitu kama bonge la udongo, akakivuta shingo, akakitoa mabega. Neema alimwambia hana haja ya kuhangaika na uso mzima: achonge nusu, kompyuta itamfanyia nusu ya pili kama kioo.

"Hapana."

"Itakuokolea muda, Babu."

"Mungu ana nyuso nyingi za kumaliza kuliko wewe. Na hakutumia kioo. Tazama pua ya Msomi."

Wote wawili wakaitazama pua yangu. Kioo kikazimwa.

Asubuhi moja nilipokuwa nimewapelekea mihogo ya kuchemsha, aliweka kalamu chini. Bila kugeuka akauliza: "Msomi. Stazia alikuwa na kovu juu ya nyusi. Unakumbuka ni upande gani?"

Nataka kuwa mkweli kuhusu kilichotokea kichwani mwangu. Hakikutokea kitu. Nilitafuta, nikapata shingo, kola ya shati jeupe, nywele zilizosukwa mistari: vitu vya mtu aliyekaa nyuma. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya mzee anayepoteza macho, naye ananiuliza mimi, mimi niliyeandika ile insha. Mtu aliyesoma kama mimi anaweza kusema mambo mengi, ila neno sijui halimtoki.

"Kushoto," nikasema.

"Una hakika?"

"Kabisa. Naliona."

"Haya," akasema, akachukua kalamu. Mimi nikamega muhogo, na tangu siku ile nilikaa mlangoni, nisiusogelee uso ule.

Uso ulipokwisha, Neema aliusifu kwa dakika nzima, kisha akaanza kusugua mikono. Kila umbo la kwenye kompyuta, alieleza, limeshonwa kwa pembetatu ndogo ndogo, na sanamu ya Fundi ilikuwa na pembetatu milioni tatu. Laptopu ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. "Babu, hii itaua simu za watu. Nahitaji ya pembetatu elfu mbili."

Alibonyeza, tukaona. Mdomo ukawa kona. Macho yakazama. Alibaki mwanamke yeyote tu.

Fundi alivaa koti lake akaenda nyumbani, na kwa siku tatu hakuonekana. Juu ya ua nilisalimia, sikujibiwa. Siku ya nne Neema alikuja mwenyewe, akapiga magoti mlangoni kumwamkia, akamweleza kwamba kuna njia. Unachukua sanamu ile nzito yenye kila kitu, unaivisha juu ya ile nyepesi, na kompyuta inachapa vivuli vyote vya ile ya kwanza kwenye ngozi ya ile ya pili. Wenyewe wanaita kuoka. Umbo linakuwa halina mdomo, lakini mwanga ukipiga, mdomo unaonekana.

Fundi alianza kufunga vifungo vya koti.

"Kwa hiyo hayupo," akasema, "ila anaonekana."

"Ndiyo, Babu."

"Hilo nalijua. Twende."

Kazi iliyobaki ilikuwa kupaka ngozi ya jiwe, na hapo ndipo nilipomwona akifurahi, kwa mara ya mwisho nadhani. Alimlaza mwanawe kwenye mvua ya miaka mia. Aliuliza mvua ya mchezo inatokea upande gani, na Neema alipojibu kwamba inashuka wima tu, alimlazimisha aibadilishe. Upande wa mvua alipaka kuvu ya kijivu na madoa ya njano. Upande wa jua alibabua bega. Chini ya kidevu aliacha jiwe safi, kwa sababu maji hayafiki. Alifanya goti ling'ae. "Watoto wamekaa hapo," alisema. Neema hakumwuliza ni watoto gani.

Mchezo ulitoka. Vijana wa stendi waliucheza wote, mmoja alinisimamisha, "Anko, mambo? Ile sanamu ya Babu ni noma." Nami nikaupakua. Nilikufa mara nne kabla ya daraja la kwanza, lakini hatimaye nilipanda mteremko, nikaiona kwa mbali, imekaa mbele ya mawingu, na nikafunga simu. Kitu kilikuwa kinaniwasha kuhusu lile jibu langu. Nilijiambia nitaikaribia siku nyingine. Nilifanya hivyo kwa mwaka mzima: nafika, naiona kwa mbali, nafunga.

Kisha niliteremka hadi kijiji cha Ilemba kutafuta mchele, nikakutana na Mama Justa. Tulisoma wote, yeye ndiye aliyekaa dawati moja na Stazia, na sasa analima mpunga bondeni. Tulizungumza habari za Fundi, macho yake, sanamu. Aliingia ndani akatoka na picha. Wasichana wawili studio, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, wameshikana mikono. Unyevu ulikuwa umekula ukingo wake mmoja na doa moja limetambaa hadi kwenye nyuso.

"Huyu hapa," alisema. "Na kovu lake la kulia. Alikuwa analifunika kwa kiganja mwalimu akimwita ubaoni, unakumbuka?"

Nilisema nakumbuka.

Picha ile, aliyoniazima nimpelekee Fundi, nilikaa nayo ndani ya daftari miezi miwili. Nilipika sababu nyingi. Mzee ameshapofuka, hataiona, ya nini kumwumiza? Sanamu imeshatoka, haibadiliki. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelihamisha kovu la mtoto wa mtu, kwenye kaburi pekee aliloweza kumpa, kwa sababu sikutaka kuonekana sijui.

Nilikwenda alasiri moja ya mwezi wa saba, upepo ukiwa mkali. Alikuwa kwenye benchi lake nyuma ya nyumba, penye jua, kakonda ndani ya lile koti. Alinitambua kwa hatua.

"Marahaba, Msomi," alisema kabla sijaamkia. "Leo unatembea kama mtu anayedaiwa maneno."

Nikasema yote, nimesimama. Swali lake, jibu langu, Ilemba, picha, kulia. Niliomba msamaha kwa sentensi nilizokuwa nimeziandaa njiani, na zilikuwa sentensi nzuri.

Aliniacha nimalize.

"Hujaenda kuitazama," akasema.

"Nimeiona, Fundi."

"Hujaitazama. Una simu? Nenda sasa."

Nikatoa simu. Upepo ulikuwa unapiga kioo vumbi. Nilikufa mara moja darajani, yeye akisubiri. Nikapanda mteremko. Safari hii sikusimama. Nikaukaribia uso ule hadi ukajaza skrini. Alikuwa Stazia. Nilimtambua kama unavyotambua sauti. Na juu ya nyusi, kulia kwake, palikuwa na mstari mfupi wa kovu, na kulizunguka jiwe liling'aa, laini, bila kuvu wala doa, upana wa kidole gumba.

"Ni kulia," nikasema.

"Ni kulia. Alikuwa na miaka mitano, akajikwaa kwenye nyundo yangu. Mimi ndiye niliyeiacha njiani. Nikambeba damu ikiingia shingoni mwangu. Unadhani naweza kusahau upande?"

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

Hakujibu haraka. Fundi hakuwahi kujibu haraka.

"Mama yake alikuwa amekufa," alisema. "Macho haya yalikuwa yanakwenda. Nilitaka kujua kama kuna mtu mwingine aliye naye kichwani. Ukasema kushoto, ukasema unaliona. Nikajua nimebaki peke yangu."

Upepo uliendelea. Nilisema kitu cha kwanza nilichokipata: kwamba Mama Justa yupo, kwamba alisema kulia kabla sijamwuliza.

"Huyo wa dawati lake?"

"Ndiye."

"Basi tuko wawili," akasema.

Nilijikuta nahesabu. Yeye na Mama Justa. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Akanyoosha mkono, nikamwekea picha. Akailaza juu ya goti, akapeleka kidole gumba mdomoni, nami nikashtuka kwamba ataiharibu. Lakini akasita, akakifuta kwenye koti mpaka kikakauka, kisha akakipitisha juu ya karatasi polepole, mpaka kikasimama mdomoni mwa Stazia, mahali ambapo hakuwa na namna ya kujua kuna nini.

"Anacheka?" aliuliza.

Nikainama. Doa la unyevu lilikuwa limefika hapohapo. Kulikuwa na mashavu mawili, na katikati yake rangi ya chai iliyomwagika. Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri, na mojawapo lingemfurahisha hadi siku yake ya mwisho.

"Sijui, Fundi," nikasema. "Maji yamekula mdomo. Sioni."

Aligeuza uso upande wangu, macho yale yakitafuta nilipo. Kisha akajivuta kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa," akasema. "Sasa niambie unachokiona."

Nikakaa. Nikaanzia kwenye viatu.